Ubao wa Mama Bilonda: "Hapa Habarudishe Mutu"

Jumamosi asubuhi, jua linachungulia juu ya mlima wa mawe yaliyotupwa na mgodi, na majirani hapa Musonoi, Kolwezi, wanajua la kufanya. Mama Mado anatua beseni lake la mihogo na kuziba masikio. Mbuzi wamefungwa mbali. Mbwa peke yake hajali, amekwisha kuzoea.

Nyuma ya nyumba yake ya matofali, Mama Ernestine Bilonda anakaza kitambaa cha kichwa. Anaweka kitako cha bunduki begani, anakishindilia kwa nguvu, anaelekeza mtutu kwenye kichuguu na kufyatua.

Mlio unagonga ukuta wa shimo la mgodi na kuturudia. Kichuguu kimepoteza kipande. Mama Bilonda hakuyumba, lakini uso wake umekunjamana mithili ya mtu aliyeuma ndimu.

"Bado," anasema huku akisugua bega. "Hii inapiga teke sawa punda. Tata Ngoy, nipe kisu."

Tata Ngoy Kabemba, mwindaji kutoka Lubudi, ndiye mwenye bunduki. Anatoa kisu bila kubisha. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne hajawahi kuwinda hata sungura, na hana bunduki yake mwenyewe. Kilicho chake ni ule mto mweusi uliofungwa kwenye kitako kwa kamba za ngozi ya mbuzi. Ndiyo kazi yake, na katika Kolwezi nzima hatujamsikia mwingine anayeifanya: anazipunguzia bunduki teke.

Asiyewahi kupiga bunduki ya marisau anaweza kucheka. Acheke tu. Risasi inapotoka mbele, bunduki nayo inarudi nyuma, na kinachoipokea ni bega la mtu. Mwindaji anayepiga mara kadhaa kwa siku anarudi nyumbani na bega jeusi. Baada ya miezi anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, kwa kuogopa teke lenyewe, na hapo nyama inaenda zake.

"Mutu anafikiri ameanza kuzeeka, hawezi tena kulenga," anaeleza Mama Bilonda. "Hapana! Anaogopa bega yake. Umuwekee muto muzuri, utaona macho inafunguka."

Anakata kipande chembamba cha mpira kwenye mto na kukitupa. Mto wake una matabaka matatu. La kwanza, linalokaa juu ya mbao, ni mpira mgumu wa mikanda iliyokuwa ikisafirisha mawe ya mgodi. La kati ni kandambili kuukuu, laini, zinazobonyea. La nje ni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ili kitako kisiteleze kwenye shati. Vyote vinaingia ndani ya soksi ya ngozi inayovutwa na kufungwa kwa kamba. Hapigi msumari hata mmoja. Mwenye bunduki akichoka nao, anafungua kamba na kuuvua.

Kuna siri nyingine, ingawa yeye mwenyewe haifichi. Bunduki nyingi zina tundu ndani ya kitako. Mama Bilonda analijaza vipande vya waya wa shaba na kuvifunga kwa kitambaa visije vikalia. Bunduki inakuwa nzito, na bunduki nzito hairuki ovyo.

"Shaba njo ililisha baba yangu," anasema, na "njo" ya huku ni "ndiyo". "Sasa inalinda bega ya batu. Haina kazi ingine, kampuni imelala."

Imelala kweli. Mgodi uliporomoka, mitambo ikasimama mmoja mmoja, wafanyakazi wakawa wanakwenda kazini kukaa tu, na mwishowe mishahara ikawa habari ya zamani. Noti za zaire mtu anazibeba kwa mfuko na kurudi na kiberiti. Mama Bilonda alikuwa akishona mito ya makochi ya wakubwa wa kampuni. Wakubwa walipoondoka, waliacha hata makochi. Nani tena angeshonesha?

Mteja wake wa kwanza wa bunduki alikuwa huyu huyu Tata Ngoy. Alikuwa amevunjika mtulinga kwa kuanguka na baiskeli, mfupa ukaunga vibaya, na kila akipiga bunduki alikuwa anatokwa na machozi. Mkewe ndiye aliyesema: kama yule mama wa Musonoi anaweza kukalisha makalio ya wakurugenzi bila kuumia, atashindwaje na bega?

Mto wa kwanza ulikuwa wa kochi hasa. Mnene, laini, umejaa pamba. Tata Ngoy alikwenda nao porini akishangilia. Alirudi siku ya pili mdomo umevimba, amejifunga leso.

"Nilimuambia, mama, bega yangu inakushukuru, lakini mudomo yangu inakushitaki!" anasimulia Tata Ngoy na kucheka mpaka anashika tumbo. Mto ule mnene ulikuwa umeirefusha bunduki. Kitako hakikukaa begani, kiliteleza kwenye mkono, na bunduki iliporuka, kidole chake gumba kikampiga mdomoni.

Tangu siku ile Mama Bilonda haachii bunduki bila kuipiga mwenyewe. Kila mteja anamwambia ashike bunduki macho yamefumbwa, kisha afumbue: kama jicho haliko juu ya mtutu, kitako ni kirefu au kifupi, na mbao lazima ipunguzwe kabla ya mto kuvikwa. Halafu anawagombeza wote kwa jambo moja.

"Banaogopa, banaishika mbali na bega. Ile nafasi njo inaumiza! Bunduki inapata njia ya kukimbia, inakuya na mbio. Uikumbatie. Usiache nafasi hata ya kidole."

Wawindaji wana neno lao kwa teke la bunduki. Wanasema bunduki "inarudisha mutu", yaani inamsukuma mtu nyuma. Ndiyo maana miaka minne iliyopita, kabla ya balaa hili, Mama Bilonda alimwomba mchoraji wa mtaa amwandikie ubao wa duka. Mchoraji akaandika kwa herufi nyekundu, kwa Kiswahili cha hapa: KWA MAMA BILONDA. HAPA HABARUDISHE MUTU. Kwa Kiswahili cha shule ni "hapa hawamrudishi mtu". Tangazo la mito ya bunduki, basi. Watu walipita wakasoma wakaenda zao.

Kisha neno "kurudisha" likapata kazi nyingine.

Kila msomaji wetu anajua yaliyotokea. Wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, ambao babu na baba zao waliletwa huku Katanga kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao. Walifukuzwa makazini, wakafukuzwa majumbani. Vijana walipita mitaani wakiimba "Barudi kwabo!" huku wakipiga mabati. Maelfu wako stesheni ya Kolwezi, na masanduku na vyungu, wakisubiri treni inayokuja inapotaka. Watoto wanakufa pale. Tumeyaona kwa macho yetu na hatutayaremba.

Mama Bilonda naye ni wa Kasai, kama mnavyopenda kuhesabu. Baba yake aliletwa na kampuni akiwa kijana. Yeye alizaliwa hapa Musonoi, akaolewa hapa na Tshimanga, akamzika Tshimanga hapa. Kasai hajawahi kuiona hata kwenye picha.

"Kurudi ni kwenda kwenye ulitoka, si vile?" anauliza, na sindano kubwa imesimama hewani. "Mi nilitoka mu ile chumba pale, mama yangu akiwa analia. Banirudishe basi mu ile chumba! Niko tayari, nitaingia sasa hivi."

Sasa fikirieni ule ubao, na herufi zake nyekundu, juu ya mlango wa mjane wa Kasai, katikati ya fujo hiyo. Hapa hawamrudishi mtu.

Wiki iliyopita vijana walifika. Walikuwa kundi, na kiongozi wao alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Jina lake tunaliacha, mama yake mzazi bado anakaa mtaa wa pili na hana kosa.

"Mama, hii ubao inatutukana," alisema kijana.

"Haiongee na weye," alijibu Mama Bilonda. "Inaongea na bunduki."

"Tunayua kusoma, mama."

"Kama munayua kusoma, ingieni, musome na hii mito."

Kijana akampa mambo mawili achague: ateremshe ubao kwa mikono yake, au aende stesheni usiku ule ule. Mama Bilonda akakaa juu ya kigoda mlangoni, akachukua soksi ya ngozi aliyokuwa akiishona, akaendelea kushona. Mama Mado, ambaye ni mtu wa Katanga kwa baba na mama, alikuja na beseni lake la mihogo akaketi kando yake. Alikaa tu, akamenya.

Kilichoiokoa nyumba ile jioni hiyo kilikuwa njaa, tuseme wazi. Tata Ngoy alikuwepo na wawindaji wenzake wawili, wote wenyeji, wote na mito ya Mama Bilonda kwenye bunduki zao. Duka la kampuni ni tupu. Nyama ambayo mtaa huu unaionja inatoka porini, begani mwa watu hao.

"Nilibauliza, ile paa mulikula siku ya Mungu, nani alipiga?" anasema Tata Ngoy. "Mi. Na bega ya nani? Ya kuvunjika. Na nani alinipa bega? Mukimufukuza huyu mama, mufukuze na nyama, mukule majani. Tumbo haina kabila, wee!"

Vijana hawakutaka kuondoka mikono mitupu, ingekuwa aibu. Ndipo kiongozi wao alipopata akili, au alichodhani ni akili. Akaagiza kopo la rangi nyeupe. Akapanda juu ya pipa, akafuta herufi mbili tu mwanzoni mwa neno: HA. Akashuka, akajifuta mikono, akatazama kazi yake kwa furaha. Habarudishe ilikuwa imekufa. Akawaambia wenzake sasa ubao unasema kweli, hapa wanarudishwa. Wakaenda zao wakiimba.

Mama Mado ndiye aliyeinua macho kwanza. Akasoma taratibu. Akasoma tena, na kisu cha mihogo kikamwanguka.

"Ernestine! Ee, Ernestine! Soma!"

Ubao sasa ulisema: HAPA BARUDISHE MUTU.

Na hapo msomaji wa Dodoma au Mombasa atuvumilie kidogo. "Barudishe mutu" katika kinywa cha mtu wa Kolwezi ni "wamrudishe mtu". Warudishe aliyechukuliwa. Wamlete hapa. Mtu aliyeibiwa kuku anasimama njiani na kupiga kelele hivyo hivyo: barudishe! Yule kijana alikuwa amepanda pipa kwa mikono yake mwenyewe na kuandika mbele ya mtaa mzima kwamba watu wa stesheni warudishwe majumbani mwao.

Mtaa ulicheka, jamani. Ulicheka kicheko ambacho haukuwa nacho kwa muda mrefu. Mpaka wake za wale waliokuwa wakiimba walikuja kusoma, wakashika midomo. Kesho yake habari ilikuwa imefika stesheni, na mtu akipita na sanduku, wenzake wanamwambia kwa chini: "Barudishe mutu."

Mama Bilonda hakucheka sana. Yeye alikuwa na mtu stesheni.

Kanku ni binti yake wa pekee. Mume wake alikuwa karani, akafukuzwa kazi, na nyumba yao ya mjini ikachukuliwa pamoja na vitanda vyake. Walikuwa wakilala stesheni na watoto wao wawili, kwenye saruji. Kila siku mama alikuwa akiwapelekea bukari, ugali wetu wa huku, na kila siku walibishana.

Alimsihi warudi Musonoi, nyumba ipo, wasongamane. Kanku hakutaka. Alikuwa ameona mlango wake ukivunjwa, na hakuwa na nguvu ya kuuona mwingine.

"Aliniambia, mama, twende pamoja, bunduki ya Tata Ngoy haitakulinda," anasimulia. "Nikamuambia, mi sina bunduki, niko na bega. Akakasirika. Akasema, mama, weye unapenda ile ubao kuliko sisi."

Hapo anaweka sindano chini. Tata Ngoy anatazama kichuguu.

"Ile neno iliniuma kuliko bunduki yoyote. Juu ya nini nabakia? Si juu ya ubao! Nabakia juu mutu moya lazima abakie mu nyumba. Kama sisi wote tunaenda, siku batoto batarudi, batagonga mulango ya nani?"

Treni ilikuja Alhamisi. Mama Bilonda alikuwa amemshonea Kanku mto wa bega, matabaka yale yale matatu, wa kuweka chini ya kamba ya mzigo ili isimkate. Alimvika kama anavyowavika wawindaji, akakaza kamba, akapapasa kwa kidole kama kuna nafasi. Mabehewa yalikuwa ya mizigo. Watu walipanda hadi juu ya paa.

"Nililia," anasema. "Uandike vile: Bilonda alilia mbele ya batu, kitambaa ikaanguka. Lakini uandike na hii: hakupanda."

Tumeandika.

Tunarudi kwenye Jumamosi yetu. Mto umepunguzwa, umefungwa upya, na Mama Bilonda ameongeza kiganja cha waya wa shaba ndani ya kitako. Anasimama, anafyatua mara ya pili. Safari hii uso umetulia. Anampa Tata Ngoy, naye anapiga kwa lile bega lake bovu, kisha anageuka na tabasamu la mtu aliyetolewa jino bila kusikia maumivu.

"Inanisukuma tu," anasema. "Haipige tena. Inanisukuma sawa mutu anakuamusha."

Mlio haujaisha masikioni tunaposikia sauti ya kukwaruza mbele ya nyumba. Vijana wamekuja tena, na kopo la rangi. Rangi nyekundu, safari hii.

Kiongozi wao hatutazami machoni. Wiki nzima amechekwa, na inasemekana mama yake ndiye aliyeanza. Ameleta rangi arudishe zile herufi mbili. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kijana aliyekuja kufuta "habarudishe mutu" amekuja kuiandika upya, ili mtaa uache kumcheka.

Wenzake nyuma yake wameanza kubishana. Mmoja anasema akiandika HA itakuwa kama mwanzo, mama ameshinda. Mwingine anasema akiacha hivi ni mbaya zaidi. Wa tatu anasema wauvunje ubao wote. Mama Mado, kutoka kwenye mihogo yake, anauliza kwa sauti ya upole kama watavunja na midomo ya mtaa mzima, maana kila mtu anaujua kwa kichwa.

Kijana anaburuta pipa, anaweka mguu juu yake.

"Shuka," anasema Mama Bilonda.

Bunduki ameiacha kwa Tata Ngoy. Amesimama mlangoni na sindano tu, na kipande cha mpira kimeshikamana na sketi yake. Kijana anasita.

"Mama, nakurudishia HA yako. Haukuwa unaitaka?"

"Niliitaka. Wiki iliyopita." Anaelekeza sindano upande wa stesheni. "Wiki iliyopita mutoto wangu alikuwa pale stesheni, nilitaka basimurudishe. Mukamurudisha. Sasa nataka nini? Soma! Ulisema unayua kusoma. Soma ile uliandika na mukono yako."

Kijana anatazama ubao. Mtaa mzima umetoka nje na unamtazama yeye.

"Soma," anasema tena Mama Bilonda.

"Barudishe mutu," anasema kijana, chini chini.

"Njo vile. Acha ikae vile."

Anashuka kwenye pipa. Wanaondoka bila wimbo. Kopo la rangi wamelisahau pale chini, jipya, halijafunguliwa. Au labda hawakulisahau. Hatukumkimbilia kijana kumuuliza.

Tunamuuliza Mama Bilonda kama haogopi watarudi usiku, na moto badala ya rangi. Anasema anaogopa sana, yeye si jiwe. Tata Ngoy anasema yeye na wenzake wamepanga zamu za kulala sebuleni mwake, na kwamba mke wake ameshaleta mkeka. Kazi haikosekani. Wawindaji wa Dilolo wametuma bunduki mbili kwa njia ya reli, na mmoja anataka kizibao chenye mto ulioshonewa ndani, kwa sababu ni mwembamba na bega lake ni mfupa mtupu.

Mama Bilonda anainama, anaokota lile kopo la rangi nyekundu, analifuta vumbi kwa kiganja. Anaingia nalo ndani na kuliweka juu ya kabati, pembeni ya picha ya Tshimanga.

"Hii nitaitunza," anasema. "Siku Kanku atasimama pale njiani, asome ile ubao na macho yake, aingie na batoto, akule, alale. Asubuhi yake mi mwenyewe nitapanda ile pipa, niandike HA."

Kisha anatoka nje na kumwita mteja anayefuata.